Jaji wa Kitahana Hacheki

Mtu aliyeshindwa shindano la kuandika vichekesho hachekeshi hata kidogo. Inspekta Mwatumu aliligundua hilo asubuhi ile katika chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi Kibondo, mbele ya mwalimu Longinus, aliyekuwa amenyang'anywa mkanda na kamba za viatu. Mtu ana kesi ya mauaji shingoni, kesi isiyo na dhamana, halafu kinachomuuma ni alama.

"Mwaka juzi alishinda aliyeandika habari za mlevi kuanguka mtaroni," alisema Longinus. "Mlevi, afande. Mtaroni. Hicho nacho ni kichekesho?"

"Mwalimu, nimekuuliza habari za dumu."

"Nafika huko. Mwaka jana akashinda wa mama mkwe. Mimi nakesha nikipima kila neno, mwenzangu anaandika mama mkwe kakaa kwenye ugali wa moto, anapewa zawadi na picha gazetini!"

Pembeni, Koplo Nsabimana aliinamia karatasi zake akiandika. Alikuwa mtoto wa Kasulu, mlokole asiyeonja hata togwa, na alikuwa na subira ambayo Mwatumu, mzaliwa wa Kondoa, hakuwa nayo.

Kesi yenyewe ilionekana imeiva. Redio moja ya jamii mjini Kasulu ilikuwa na shindano la visa vya kuchekesha kila mwaka. Msimamizi wake alikuwa mtangazaji Raymond. Visa vilifika kwake, akafuta majina ya waandishi, akavipa namba, kisha akampelekea jaji kwa pikipiki. Jaji alikuwa mzee Pasikali Nduwayezu, mwalimu mstaafu wa Kitahana, mahali ambapo redio hiyo haishiki kwa sababu ya vilima. Raymond alirudi na matokeo, akayatangaza. Longinus, mwalimu wa Rungwe Mpya, alishiriki kila mwaka na alishindwa kila mwaka, na baada ya kushindwa alipiga simu redioni kulalamika. Kasulu nzima iliujua msemo wake: jaji wa Kitahana hacheki.

Ijumaa iliyopita mzee Pasikali alikutwa mkekani, koo limeungua, hawezi kusema. Alikata roho njiani kwenda hospitali. Mlangoni palikuwa na dumu la pombe ya ndizi, na mkemia alikuta ndani yake dawa ya kuulia magugu. Dumu lilikuwa la Longinus. Shahidi alikuwa Raymond, aliyeapa kwamba alimwona mwalimu akimimina na mzee akanywa. Mkuu wa polisi wa wilaya alitaka jalada mezani kwake jioni hiyo, ili asubuhi mwalimu afikishwe mahakamani.

"Dumu lilikuwa lako?" aliuliza Mwatumu.

"Langu. Raymond ndiye aliyenipa wazo. Alisema, 'Mwalimu, unagombana na mzee bure, twende nikupeleke mkayamalize. Peleka pombe ya ndizi, wazee wa huku wanaipenda.' Mimi ni mtu wa Mbinga, nitajuaje wanachopenda? Nikanunua."

"Mkafika."

"Tukafika, nikajitambulisha. Mzee akasema, 'Ndiye wewe ninayeambiwa unanitukana redioni?' Nikamwambia mimi situkani, nasema kweli. Akasema sijui kuandika ndiyo maana nalalamika. Hajui kuandika! Mimi! Nikaweka dumu chini nikaondoka. Sikumimina kitu. Nilipata bodaboda barabarani nikarudi zangu."

"Na Raymond?"

"Alibaki. Muda wote alikuwa amesimama tu, hata kutuamua hakutuamua."

"Raymond anasema ulimimina."

"Raymond anasema uongo."

"Kwa nini aseme uongo?"

Longinus hakuwahi kulifikiria hilo. Yeye siku zote alikuwa na ugomvi na mtu mmoja tu.

"Huniamini kwamba najua kuandika," alisema badala yake. "Sikiliza hiki. Kilitupwa mwaka juzi, mwaka ule wa mlevi."

Mwatumu alitaka kumkatiza, lakini mwalimu alishaanza. Kijiji kimoja kina mbuzi wa kuchinjiwa mgeni rasmi. Kila mgeni rasmi akitangazwa, mbuzi anafungwa uwanjani. Kila mara mgeni rasmi anaahirisha. Miaka inapita. Mbuzi anazeeka, anazoea. Akiona viti vya plastiki vinapangwa anakwenda mwenyewe kusimama kwenye kigingi chake, na taarifa ya kuahirisha ikisomwa anakohoa, kama mwenyekiti anayetaka kikao kifungwe. Siku mgeni rasmi anakuja kweli, wanakijiji wanashindwa kumchinja. Huyu, wanasema, amehudhuria vikao vingi kuliko diwani. Wanamweka meza kuu.

Aliposimulia kikohozi, Koplo Nsabimana alikohoa pia, akaficha uso kwenye karatasi. Mwatumu alimwangalia vibaya.

"Samahani, afande," alisema koplo walipotoka. "Sikucheka kwa dharau. Hicho kisa nakijua."

"Umekijua wapi? Anasema kilitupwa."

"Mke wangu anacho kwenye simu. Ni klipu ya yule Raymond. Anazo nyingi, anasimulia mwenyewe, watu wa Dar wanazipenda sana. Nasikia redio moja kubwa ya huko imeshamwita kazini."

Mwatumu alisimama katikati ya uwanja wa kituo.

"Kisa cha mbuzi anakisimulia kama chake?"

"Ndiyo, afande. Mpaka na kikohozi."

Walichukua gari kwenda Kitahana.

Mjane wa mzee Pasikali, mama Mpawenimana, walimkuta uani akipukuchua maharage. Alikuwa mama wa makamo, mkavu, amejifunga kitenge cheusi kifuani. Wazazi wao, yeye na marehemu, walitoka Burundi zamani wakiwa na mizigo kichwani. Wao wenyewe walikuwa raia wa Tanzania na walilima hapo hapo. Ukutani, kwenye kivuli, alikuwa amepanga miche ya kahawa katika makopo na maboksi ya maziwa yaliyokatwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmeshamhukumu?"

"Bado. Nina maswali machache. Ile siku ulikuwa wapi?"

"Shambani. Niliporudi nilimkuta mume wangu hapo mkekani. Dumu lilikuwa pale mlangoni, limejaa."

"Limejaa namna gani?"

"Limejaa mpaka shingoni. Nililisogeza kwa mikono yote miwili ili tupate njia ya kumtoa. Polisi wenu walikuja wakalibeba, hakuna aliyeniuliza."

Mwatumu alihisi uso wake unapata moto. Jalada lilisema *dumu lenye pombe* na basi.

"Lakini shahidi anasema mzee alikunywa humo."

Mama Mpawenimana aliacha maharage. "Nani aliionja?"

"Sijakuelewa, mama."

"Nauliza, nani aliionja? Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Kondoa."

"Ego, sawa. Basi sikulaumu. Hapa kwetu anayekupa pombe anaionja kwanza yeye, mbele ya macho yako. Anapiga funda, anameza, ndipo anakupa. Tunaita *gusogongera*. Hata mimi mke wake nilikuwa namwonjea. Mume wangu asingeshika kikombe cha pombe ambayo mwenye kuileta hajaionja. Asingekishika hata cha askofu."

Mwatumu alimgeukia koplo. "Ulilijua hili?"

"Nalijua tangu mtoto, afande." Nsabimana alikuwa ameinamisha kichwa. "Niliposoma kwamba alimpa pombe akanywa, nilijua kuonja kumo ndani. Ni kama kuandika mtu ameingia nyumbani. Huandiki kwamba alifungua mlango."

"Haya, tulifikirie sasa. Mkemia anasema sumu ilikuwa kwenye dumu lenyewe. Kama Longinus alimimina akaonja, angekuwa wapi?"

"Kaburini, afande."

"Na kama hakuonja?"

"Mzee asingekunywa."

"Kwa hiyo mzee hakunywa pombe ile. Ndiyo maana dumu lilijaa. Alikunywa kitu kingine, na dumu likatiwa sumu baadaye ili tupate cha kubeba." Na tukabeba, alitaka kuongeza, lakini mjane alikuwa anasikiliza. "Mama, kitu gani mtu wa huku anaweza kupewa akanywa bila mwenzake kuonja?"

"Vya dukani. Soda, juisi. Vya dukani havihitaji kuonjwa, mtu anaamini kiwanda."

Macho ya Mwatumu yalikwenda kwenye miche. Yote ilikuwa na majani mabichi, isipokuwa mmoja. Ulikuwa kwenye boksi la juisi ya embe, lenye picha ya embe jekundu, na ulikuwa umekauka mpaka shina.

"Huu umepatwa na nini?"

"Hata sijui. Nimeumwagilia sawa na wenzake. Boksi nililiokota kwenye migomba, siku ya pili ya msiba. Niliona ni zuri, nikalikata nikapanda."

"Uliliosha?"

"Kwa ajili ya mche? Hapana."

Nsabimana alivaa glavu bila kuambiwa. Duka la Kitahana, alisema akilitia boksi kwenye mfuko pamoja na udongo wake, haliuzi juisi ya namna hiyo. Huko wananunua ya unga.

Mwatumu alikaa kwenye kigoda, akamwomba mama amweleze mzee alivyokuwa akihukumu visa. Aliuliza kwa utaratibu wa kazi tu. Hakutegemea kumwona mjane akitabasamu.

"Alinisomea vyote jioni. Vibaya alivisoma haraka, kama tangazo la kodi. Lakini palikuwa na mtu mmoja, hatukujua jina, ni namba tu. Kila mwaka mume wangu alimjua kwa namna anavyoandika. 'Mama, amekuja tena yule,' anasema. Mwaka juzi aliandika mbuzi anayemsubiri mgeni rasmi."

Koplo aliacha kufunga mfuko.

"Mzee alikipa nafasi gani hicho?" aliuliza Mwatumu.

"Cha kwanza. Yule mtu alimpa wa kwanza kila mwaka. Tukawa tunamwita mtu wa mbuzi. Mwezi uliopita mume wangu alikwenda Kasulu kutibiwa macho. Kule redio inashika, akasikia wakirudia kisa kilichoshinda mwaka juzi. Kilikuwa cha mlevi. Alirudi amekasirika. Alimpigia Raymond, akamwambia, 'Nataka ufike hapa unieleze. Na huyo mtu wa mbuzi uje naye, nimwone kwa macho yangu kabla hayajafa.' Akaniambia nitengeneze pombe. Ile ipo ndani mpaka leo. Alisema ataionja yeye mwenyewe mbele ya yule mtu, kwa heshima."

Sasa Mwatumu aliiona picha nzima. Raymond alikuwa ameagizwa amlete mtu wa mbuzi, na alimleta kweli. Aliwasimamisha mlangoni, mmoja akijua mwenzake ni jaji asiyecheka, wa pili akijua mwenzake ni mropokaji wa redioni, akawaacha watukanane. Alihitaji ugomvi ule ili baadaye awe na wa kumbambikia. Hasira ilimpanda Mwatumu, hasira ambayo maiti kumi na kitu za kazi yake hazikuwahi kumpa.

"Na mwaka huu?" aliuliza. "Mtu wa mbuzi alileta nini?"

Mama Mpawenimana alimsimulia. Mwatumu alisikiliza mpaka mwisho, na hakuandika.

Raymond walimkuta mchana Kasulu, kwenye chumba kidogo nyuma ya studio. Alikuwa kijana nadhifu wa Morogoro, mwenye sauti nzito iliyozoea kupendwa. Mezani palikuwa na kipaza sauti, simu mbili na boksi la juisi ya embe, embe jekundu.

"Inalainisha koo," alisema alipoona Mwatumu anaitazama. "Niwamiminie?"

"Tumeshiba. Tunahitimisha jalada la mwalimu. Nisimulie tena, kwa kirefu. Mkuu hapendi maelezo mafupi."

Raymond alisimulia. Alijua kusimulia, hilo asinyimwe. Mwalimu aliingia, akapiga magoti kinafiki, akaomba radhi. Akafungua dumu. Akamimina kwenye kikombe cha bati. Akampa mzee kwa mikono miwili.

"Halafu?"

"Mzee akanywa. Mafunda makubwa. Alikuwa na kiu, maskini."

"Kati ya kumimina na kunywa, hakuna kilichotokea?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri. Hili litasomwa mbele ya jaji wa kweli."

"Afande, nilikuwa nimesimama hatua chache. Alimimina, akampa, mzee akanywa. Kitu kingine hakuna."

"Nani aliionja?"

"Aionje ya nini?" Raymond alicheka kidogo. "Ni pombe, siyo mboga."

Fundi mitambo, mama mtu mzima wa Kiha aliyekuwa akikunja nyaya mlangoni, aliacha nyaya zake, akamtazama Raymond. Kisha akamtazama Nsabimana. Hakuna aliyecheka.

"Umekaa Kasulu miaka mingapi?" aliuliza Mwatumu.

"Sita sasa."

"Miaka sita, unakusanya vichekesho vya watu wa huku, unavipeleka Dar kama vyako. Hujawahi hata siku moja kukaa nao ukaona wanavyopeana pombe."

Tabasamu lilianza kuondoka usoni mwa Raymond, taratibu. "Sijui unazungumzia nini."

"Nazungumzia mbuzi anayekohoa. Mzee alikipa kisa hicho nafasi ya kwanza, wewe ukamtangaza mlevi. Kama kingeshinda kingesomwa redioni, watu wangejua mwenyewe ni nani. Mzee alipotaka kumwona mwenyewe, ukaona kazi ya Dar inakuponyoka."

"Huna ushahidi."

"Nina mche wa kahawa uliokauka," alisema Mwatumu, "kwenye boksi linalofanana na hilo lililo mezani kwako. Mkemia ataniambia umekufa kwa nini, na mtu wa alama za vidole ataniambia nani alilishika kabla ya mama wa watu. Koplo, mfunge pingu. Na hilo la mezani lichukue."

Raymond alipopitishwa mlangoni, yule mama wa mitambo alimsogelea Nsabimana.

"Amesema mzee Pasikali alikunywa pombe haijaonjwa?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu hata kusingizia hajui," alisema, akarudia nyaya zake.

Jua lilikuwa limeshuka waliporudi Kibondo. Mkuu wa polisi alisikiliza, akauliza maswali, akasaini. Mwatumu hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe kaunta, akamrudishia Longinus mkanda na kamba za viatu, akamwambia aketi.

"Mimi nimeachiwa au nimehamishwa?"

"Umeachiwa. Raymond ndiye." Akamweleza habari za boksi na dumu. Longinus alikuwa anaanza kusema kitu kuhusu haki na waandaaji wa mashindano, sauti ikipanda, na Mwatumu akainua mkono. "Kuna jingine, mwalimu. Mzee alikupa wa kwanza."

"Mwaka gani?"

"Yote."

Longinus alikuwa ameshika kamba moja ya kiatu. Aliendelea kuishika.

"Hakujua ni wewe. Aliona namba. Walikuita mtu wa mbuzi, yeye na mkewe. Alimwagiza Raymond akupeleke akuone."

"Tulitukanana," alisema Longinus. "Raymond alikuwa pale pale. Neno moja tu, afande. 'Mzee, huyu ndiye.' Neno moja."

"Ndiyo."

"Nimemsema miaka yote. Redioni, staff, kwenye harusi za watu." Akafuta uso kwa kiganja. "Na mwaka huu? Mwaka huu niliandika kumhusu yeye. Jaji asiyecheka. Alikisoma?"

"Alikisoma. Kilikuwa cha kwanza."

"Hakuelewa kwamba ni yeye."

"Alielewa. Alimwambia mkewe, 'Huyu ananisema mimi.' Akaendelea kusoma. Akacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini."

Longinus aliizungushia kamba kidoleni. Kisha akauliza swali ambalo Mwatumu alikuwa akilisubiri tangu Kitahana, kwa sababu mtu huyu asingeweza kuacha kuliuliza hata angekuwa anazama.

"Alicheka sehemu gani?"

"Pale jaji anapokufa, waombolezaji wanakataa kufukia haraka. Wanasema tusubiri kidogo, labda huko chini ndiyo anakielewa kichekesho cha mwaka jana."

Mwalimu aliinama, akaanza kutia kamba kwenye kiatu. Tundu la kwanza lilimshinda.

"Hiyo niliiandika imuume," alisema.

Koplo Nsabimana alijishughulisha na jalada. Nje, magari ya Kasulu yalikuwa yanaita abiria wa mwisho, na Longinus alisimama, kiatu kimoja kikiwa wazi, akaenda mlangoni akasimama tena.

"Kitahana kutoka hapa ni njia gani?"

Koplo alimwonyesha kwa mkono.

"Mama ana pombe ndani, mzee aliiweka kwa ajili yako," alisema Mwatumu. "Atakupa. Usipokee kikombe kabla hajaionja."